Pwani Yetu Ndiyo Ghala la Mwaka Mbaya

Wanachama wengi wa chama chetu hatukai mjini, wala hatukai shamba tupu. Twakaa katika vijiji vya pwani ya Pemba: mikarafuu iko kilimani, mpunga uko bondeni, na mwisho wa bonde pana mikoko na bahari. Tangu umeme ulipovushwa kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, taa zimeongezeka na nyumba za matofali zimezidi kando ya barabara. Lakini riziki yetu bado yatoka kwenye jembe, panga na ngalawa.

Kijiji cha namna hii hakina meya wala baraza la mji lililo lake. Kina sheha, naye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na mambo yanayomngoja ni mengi. Hapana mtu wa mshahara apitaye kila asubuhi kutazama tuta limebomoka wapi, au mikoko imekatwa na nani. Kazi hiyo wasipoifanya wenyeji, haifanywi.

Mwanachama aweza kutuuliza: karafuu na mikoko, wapi na wapi? Jawabu ni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, majamvi yakajaa na wachumaji wakapiga dago mashambani. Kisha hufuata mwaka ambao mti una majani tu, na zile chache zichumwazo hazifai kitu, kwani kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 ya kavu. Mwaka huo nyumba zetu hula mpunga wa bondeni, muhogo, samaki, pweza na chaza, na fedha ya mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara visiwani mwetu mwaka 1989. Kwa hiyo pwani ndiyo ghala la mkulima wa karafuu, na mlango wa ghala hilo ni mikoko.

Natueleze kwa nini. Maji ya bamvua katika bahari yetu hupanda kiasi cha mita 3 hadi 4. Mizizi ya mikoko huvunja nguvu ya wimbi na kukamata tope, na ukingo wa hori ukasimama. Mikoko ikikatwa, ukingo hulika kidogo kidogo, hata siku moja bamvua likaingia bondeni. Maji hurudi baharini, bali chumvi hubaki. Mpunga hukauka, minazi huanguka vichwa, na maji ya visima hubadilika ladha. Watu wa Kisiwa Panza, upande wa kusini, wameyaona hayo kwa macho yao, nao wameshika kazi ya kupanda mikoko upya.

Twajua kwamba mkataji mara nyingi si mtu mbaya. Ni jirani yetu, aliyekosa karafuu mwaka huo, akenda kutafuta kuni za kuuza, au boriti, au kuni za tanuu la chokaa. Kumtukana hakutamlisha. Yafaa tumpe njia nyingine: kila shamba liwe na mivinje michache ya nguzo na kuni, na matawi makavu ya shambani yasiachwe yakaoza wakati jirani anakwenda horini na shoka.

Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 yaruhusu wanakijiji kufanya mapatano na Serikali ili wausimamie msitu wao wenyewe, pamoja na mikoko. Mapatano hayo huweka mipaka: wapi pakatwe, wapi pasiguswe, na mwenye kuvunja afanywe nini. Kijiji kisicho na mapatano, kwa nani kitashitaki?

Kwa wale watakaopanda, twashauri haya. Kwanza, zuieni ukataji na zibueni njia za maji. Mahali pengi mikoko hurudi yenyewe. Pili, pandeni pale ilipokuwapo zamani, si kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, maana huko miche hung'oka yote. Tatu, kila mti una mahali pake: mlilana hupenda kuelekea bahari, mkoko hukaa katikati penye tope, na mkandaa nyuma yake. Mche wa mkoko ni ile fimbo ining'iniayo mtini. Ichukueni iliyokomaa, na theluthi yake izame topeni.

Tuta nalo litazamwe kabla ya kila bamvua kubwa. Watu kumi wenye majembe huziba tundu kwa asubuhi moja. Likiachwa, kijiji kizima hakitaliweza. Wazee wetu walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Twaomba basi kila tawi lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, likae pamoja na sheha, wavuvi na akina mama wa mwani, lichague watu wa kulinda hori lake. Mkarafuu tuupandao leo utangoja miaka 6 au 8 kabla ya kuzaa, nasi hatulalamiki, twaungoja. Mikoko nayo yastahili subira hiyo hiyo, maana ndiyo itakayotulisha wakati tunapongoja.