Kiporo Kisichokakamaa

Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi ya Ifakara ameniandikia baada ya kusoma masimulizi yangu ya safari ya kaskazini mwa Laos. Anauliza: "Umesema watu wa kule wanapika wali mara moja tu alfajiri, wanaula mpaka jioni bila kuupasha moto, na bado ni laini. Wali wangu nikiulaza, asubuhi ni kama changarawe. Nakosea wapi?"

Hakosei popote. Nimelifurahia sana swali lake, maana ndilo nililorudi nalo nyumbani, nami sikutulia mpaka nilipolipatia jibu.

Kijiji nilichofikia kiko kando ya mto Nam Ou, safari ya boti kutoka mji mdogo wa Nong Khiaw. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake wanalala kuku na bata. Bibi mwenye nyumba aliamka kabla jogoo wa pili hajawika. Mchele alikuwa ameuloweka tangu usiku. Alimwaga maji, akautia mchele katika kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, wanakiita huat, akakisimamisha juu ya chungu chenye shingo nyembamba. Maji yalichemka chini, mchele ukaiva juu kwa mvuke mtupu, bila punje hata moja kugusa maji. Baada ya kitambo alikishika kikapu kwa mikono miwili, akakirusha kidogo, na wali wote ukageuka kwa mpigo mmoja kama chapati. Ulipoiva aliumwaga juu ya ubao, akaugeuzageuza kwa mwiko ili mvuke utoke, kisha akaugawa katika vikapu vidogo vyenye vifuniko, tip khao. Kimoja kilibaki nyumbani, kimoja mumewe alikitundika begani akaenda nacho shambani.

Chakula tulikilia mkekani, tukizunguka meza ya chini ya henzirani. Kulikuwa na samaki wa mtoni wa kuchoma, majani mabichi, na jaew, yaani pilipili na vitunguu saumu vilivyochomwa vikapondwa kinuni. Mtu anamega wali kwa vidole, anaufinyanga tonge kama tufanyavyo kwa ugali, anachovya. Mkono unabaki mkavu. Na kwa Kilao "kula" kwenyewe husemwa kin khao, kula wali, hata kama unakula kitu kingine.

Kabla sijafika kwenye jibu, jina kwanza. Madukani mwetu mchele huu, ukipatikana, huitwa mchele wa gundi au wali wa kunata. Yote mawili hayaniridhishi. Gundi hunata kwenye chochote: kidole, karatasi, nguo. Ulimbo hunata kwenye mguu wa ndege. Wali wa Laos hauning'ang'anii kidoleni. Punje zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Kiswahili kina mnyambuliko wa kusema jambo hilo hasa, nao ni kushikamana. Kwa hiyo mimi nasema wali wa mshikamano. Najua neno hili limezoea majukwaa ya siasa, lakini huku jikoni limepata kazi inayolifaa zaidi, na nitalitumia mpaka nisikie lililo bora.

Sasa ndani ya punje. Wanga ni nini, na mmea huutengenezaje, hayo yamo katika vitabu vya shule, nayaruka. Ninachotaka tukione ni kwamba wanga wa mchele ni wa namna mbili zinazokaa pamoja. Namna ya kwanza, amilosi, ni mnyororo mrefu wa glukosi usio na matawi. Namna ya pili, amilopektini, ni mnyororo unaochipua matawi, na matawi nayo yanachipua mengine, kama mwarobaini uliokatwa ukaota upya. Tuziite fito na matawi. Mchele wa kawaida huwa na fito kiasi cha asilimia 15 hadi 30. Mchele wa mshikamano una asilimia 0 hadi 2. Karibu wote ni matawi.

Mwana Ifakara anajua mafuriko ya Kilombero, basi tufuate mto. Chukua mtu aliyekata fito na matawi ya miti, akayarundika ukingoni. Mto ukifurika, kila kitu kinaelea. Fito zinatawanyika huku na huku, matawi yanapinduka, maji yanapita katikati yao. Hayo mafuriko ndiyo kupika. Joto na maji vinaingia katika chembechembe za wanga, vinaupangua mpango wake, na punje inavimba na kulainika.

Kisha mto unapungua, yaani wali unapoa. Zitazame fito. Hazina kitu cha kuzizuia, kwa hiyo zinalaliana ubavu kwa ubavu, moja juu ya nyingine, mpaka zinakuwa tita lililokazwa, na maji yaliyokuwa katikati yanabanwa nje. Mtu akija na kuchukua tita lile hawezi kulikunja. Huo ndio ukakamavu wa kiporo: mamilioni ya matita madogo yaliyojifunga yenyewe usiku wakati mwenye sufuria amelala. Sasa yatazame matawi. Yanakwamana papo hapo, kijiti hiki kimeingia katika panda ya kile, kile kimenaswa na cha tatu. Ukivuta moja, rundo zima linakuja. Lakini kujilaza na kuwa tita hayawezi. Vijiti vyake vinasukumana. Nafasi zinabaki, na ndani ya nafasi hizo maji yanabaki.

Hapo mambo mawili yamejibiwa kwa pigo moja. Kukwamana kwa matawi ndiko kushikamana kwa wali. Kushindwa kwake kujipanga ndiko ulaini wake wa jioni. Hata kile kikapu cha mvuke kinajieleza. Fito husaidia kuizuia chembe ya wanga isivimbe kupita kiasi. Bila fito, chembe ikitumbukizwa katika maji yanayochemka hupasuka upesi. Ukiupika mchele huu kama tunavyopika wetu, utapata bokoboko. Ndiyo maana bibi aliupa maji yake usiku, kidogo kidogo kwa kuuloweka, na asubuhi akaupa moto tu.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Wengi tunakumbuka maabara ya shule, mwalimu akidondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo, nacho kikawa buluu iliyokolea karibu na weusi. Rangi ile inatoka kwenye fito. Ufito ukiwa na nafasi hujisokota kama springi ya godoro, glukosi sita kwa kila mzunguko, na katikati ya springi panabaki tundu refu jembamba. Iodini huingia humo ikajipanga mstari kama shanga katika uzi, na mstari huo ndio unaotuonyesha buluu. Matawi ni mafupi mno kwa shanga nyingi. Dondoshea iodini kwenye mchele wa mshikamano, nao unageuka hudhurungi nyekundu. Hata mbichi unajulikana: punje za kawaida zinapitisha mwanga kidogo, hizi ni nyeupe kama chaki.

Fito zilipotelea wapi? Mpunga una jeni inayotoa kimeng'enya cha kuunganisha fito. Mwaka 2002 Kenneth Olsen na Michael Purugganan walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba katika mpunga wa mshikamano, mahali pamoja pa jeni hiyo, herufi G ya DNA imekuwa T. Herufi moja. Ushahidi wao unaelekeza kwenye asili moja, Kusini-Mashariki mwa Asia. Hitilafu ilitokea katika mmea mmoja, mtu akauonja, akaupenda, akaweka mbegu.

Watu wa Laos waliweka mbegu kuliko wengine. Kati ya 1995 na 2000 watafiti walizunguka nchi nzima wakakusanya sampuli zaidi ya 13,000 za mpunga wa wakulima, na zaidi ya asilimia 80 zilikuwa za mshikamano. Siku nzima ya kijiji imejengwa juu ya wali huo: jiko linawaka alfajiri, na mchana mikono yote iko shambani. Katika mji wa Luang Prabang watawa wa Kibudha hupita barabarani kabla ya jua, na waumini waliopiga magoti humtilia kila mmoja kitonge cha wali katika bakuli lake. Wali wa kuchambuka usingegawika hivyo kwa vidole. Nako China mafundi wa zamani walichanganya uji wa mchele huu na chokaa kujengea kuta za miji, na mwaka 2010 wanakemia wa huko walieleza jinsi matawi yalivyoibana chokaa ikawa ngumu na iliyoshonana. Sisi wa pwani tuliojengewa miji kwa chokaa tunaweza kuistahi kazi hiyo.

Ni kweli matawi nayo hukakamaa hatimaye, ila polepole, na jokofu huyaharakisha. Na wenye kisukari wajue wali huu hupandisha sukari upesi.

Basi mama wa Ifakara, wateja wako wanapousifia wali wako kwamba umechambuka, punje kwa punje, wanazisifia fito. Fito hizohizo ndizo zinazofunga matita usiku. Hutapata mojawapo bila nyingine katika mchele ule ule. Asubuhi nyunyizia kiporo maji kidogo, funika, palia. Joto na maji vitaulainisha wali tena.

Jioni ile, kando ya Nam Ou, mume alirudi na kikapu chake kikiwa na mabaki. Wali ulikuwa umepoa tangu asubuhi. Bibi alimega kipande akanipa, nikakibonyeza kabla ya kuchovya. Mistari ya kidole changu ilibaki juu yake.