Divai Nyekundu Mezani Wakati wa Joto

Mama mwenzangu, je, umewahi kuandaa karamu nyumbani, ukapika vizuri na kupanga meza vizuri, halafu kinywaji kikakuangusha? Mimi yalinikuta siku ya kipaimara cha binti yetu. Ulikuwa mwezi wa Desemba, na wakazi wa Dar es Salaam mnajua joto la Desemba lilivyo. Tulikuwa tumeletewa zawadi ya chupa nne za divai nyekundu kutoka Dodoma. Niliziweka juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba divai nyekundu haiwekwi kwenye friji. Saa nane mchana, jua likiwa kali, nikazifungua, nikajaza glasi hadi juu, nikamwekea kila mtu mzima ya kwake.

Divai ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Wazee walionja, wakakunja uso, wakaomba maji. Hiyo ilikuwa aibu tu. Lililoniuma ni jingine. Shemeji yangu mmoja, ndugu wa mume wangu, alikuwa na mwaka wa tatu tangu aache pombe, baada ya pombe kuitesa sana nyumba yake. Ilipofika wakati wa kugonganisha glasi, hapakuwa na kitu kingine mezani ila divai. Akaisukuma glasi yake kando, akasimama mkono mtupu, watu wakimtazama. Baadaye mkewe alinifuata jikoni, akaniambia kwa upole: "Dada, najua hukukusudia. Lakini leo amepigana vita pale mezani."

Siku hiyo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, divai nyekundu ina namna yake ya kuchaguliwa na kuandaliwa wakati wa joto. La pili, mwenyeji mwema hamwekei mgeni wake mtego.

Kwanza tuelewane

Najua madhehebu yetu hayafundishi jambo hili kwa namna moja. Wapo wanaokumbuka harusi ya Kana na kuona kwamba divai ina nafasi yake katika furaha ya karamu. Wapo wanaokumbuka maonyo ya kitabu cha Mithali na kujitenga nayo kabisa. Siandiki ili kumshawishi asiyekunywa aanze. Kama hunywi, hupungukiwi na lolote, wala usiruhusu mtu akuonee haya.

Nikiwa muuguzi, ni lazima niseme pia kwamba divai si dawa. Ile habari ya zamani kwamba divai nyekundu hulinda moyo haipaswi kumfanya mtu yeyote aanze kunywa. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vileo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu mwaka 1988, na saratani ya matiti ni mojawapo ya zinazohusika. Mwaka 2023 Shirika hilo lilieleza kwamba hakuna kiasi cha kileo kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Basi, anayekunywa na anywe kwa ajili ya karamu, wala si kwa ajili ya afya, na anywe kidogo.

Kuchagua chupa

Divai nyekundu hazilingani. Rangi yake hutoka kwenye maganda ya zabibu, na kwenye maganda hayo na kokwa hutoka pia ukakasi. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kushikana, kama unapokula bibo au ndizi mbichi. Divai nzito ina ukakasi mwingi, na mara nyingi ina kileo kingi. Hiyo huchosha wakati wa joto. Tafuta iliyo nyepesi.

Utaijuaje? Soma lebo. Yenye kileo cha asilimia 11 hadi 12.5 kwa kawaida ni nyepesi. Yenye asilimia 14 au 15 iache ikae dukani hadi msimu wa kipupwe.

Hapa kwetu Tanzania, divai inayojulikana zaidi ni ya Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950. Kwa sababu ya hali ya hewa ya huko, wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati wenzao wa Ulaya huvuna mara moja tu. Kuna hata zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la sehemu iliyo kaskazini ya mji huo. Divai za Dodoma zipo kavu, yaani zisizo na sukari, na zipo tamu sana. Kwa mlo wa mchana wa joto, chagua iliyo kavu. Ile tamu sana huongeza kiu, na kwa kuwa hushuka kooni kama juisi, mtu hunywa bila kuhesabu.

Katika maduka makubwa utakuta pia divai nyingi za Afrika Kusini. Zilizoandikwa Cinsault au Pinot Noir kwa kawaida ni nyepesi. Pinotage, zabibu iliyopatikana mwaka 1925 kwa kuzichanganya hizo mbili, yaweza kuwa nyepesi au nzito, kwa hiyo tazama asilimia yake. Kutoka Ufaransa, Beaujolais inafaa sana kwa joto. Cabernet Sauvignon na Shiraz ni nzito zaidi.

Usinunue chupa iliyokaa dirishani juani, wala yenye kizibo kilichosukumwa juu au kinachovuja. Hizo ni dalili kwamba imepatwa na joto. Nawe ukishanunua, usiiache ndani ya gari wala karibu na jiko. Ihifadhi mahali penye giza na ubaridi. Yenye kizibo cha gome ilaze ubavu, ili kizibo kisikauke.

Joto la chumba ni la chumba gani?

Kosa langu lilitokana na kanuni isemayo kwamba divai nyekundu hunywewa ikiwa na joto la chumba. Kanuni hiyo ilitoka Ulaya, katika nyumba za zamani ambazo hazikuwa na mitambo ya kupasha joto. Chumba chao kilikuwa na nyuzi joto 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Januari hufika nyuzi 30! Divai ikifika hapo, harufu ya kileo hutangulia puani na ladha ya tunda hupotea.

Hata hivyo, usiipoze kama soda. Ikiwa baridi mno, ukakasi huzidi na harufu yake nzuri hujificha. Nyepesi inapendeza ikiwa na nyuzi 12 hadi 14, na ya wastani nyuzi 14 hadi 16. Kipima joto si lazima. Fuata njia hizi:

Kwa friji: Kama chupa ina joto la chumba chetu, iweke kwenye friji kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kama imelala humo usiku kucha, itoe nusu saa kabla ya kuimimina.

Kwa barafu: Tia barafu pamoja na maji kwenye ndoo, kisha ingiza chupa kwa dakika 15 hadi 20. Usisahau maji, kwani ndiyo yanayoizunguka chupa yote. Barafu peke yake huigusa hapa na pale tu.

Bila umeme: Ifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa, uiweke kivulini penye upepo, na ukiloweshe tena kikianza kukauka. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo siri ya mtungi wa bibi zetu. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu ya Dodoma kuliko kwenye unyevu wa pwani, lakini hata pwani husaidia kidogo.

Kumimina na kula

Usijaze glasi. Theluthi moja inatosha, kwa sababu divai hupata joto upesi ndani ya glasi. Afadhali umimine kidogo mara mbili, na chupa irudi kwenye ndoo yake.

Jifunze pia hesabu hii. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125. Glasi moja ya divai yenye asilimia 13 ina kileo kinachokaribia theluthi mbili ya kile kilicho katika bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Ini huhitaji kama saa moja na nusu hadi mbili kuishughulikia glasi hiyo. Kahawa, mbio, au kuoga maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Anayeendesha gari asinywe kabisa.

Wahispania wana kinywaji wanachokiita tinto de verano, maana yake divai nyekundu ya kiangazi. Huchanganya divai na soda nyeupe ya limau kwa kiasi sawasawa, wakatia barafu na kipande cha limau. Kileo hupungua kwa nusu. Divai ya bei nafuu inafaa kabisa kwa kinywaji hiki.

Kwa upande wa chakula, divai nyekundu nyepesi iliyopozwa hukubaliana na kuku wa kuchoma, nyama ya mbuzi, na pilau. Samaki wa kuchoma pia anafaa, mradi divai isiwe na ukakasi mwingi, maana ukikutana na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili iwe kidogo, kwani kileo huuongeza ukali wake.

Jambo lingine la lazima ni maji. Kileo humfanya mtu akojoe zaidi, na kwenye joto tayari anapoteza maji kwa jasho. Tena joto na kileo vyote viwili hutanua mishipa ya damu ya ngozi, na shinikizo la damu laweza kushuka. Ndiyo maana mtu mzima anainuka kitini baada ya glasi mbili juani, akaona kizunguzungu, akaanguka. Kwa kila glasi ya divai weka glasi ya maji, na meza iwe kivulini. Asiwepo anayekunywa kabla ya kula.

Chupa iliyobaki izibe na uiweke kwenye friji, itumike ndani ya siku tatu. Ikichacha ikawa siki, usiione hasara. Itafaa kwenye kachumbari.

Wasiopaswa kuguswa na chupa

Mama mjamzito asinywe hata kidogo, kwani hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Watoto wasionjeshwe, hata kwa utani. Anayetumia dawa za kifua kikuu, za usingizi, za kisukari, za kuzuia damu kuganda, au metronidazole asinywe bila kuzungumza na daktari au mfamasia. Mwenye ugonjwa wa ini asinywe. Na yule aliyeacha pombe, kwake glasi moja si glasi moja.

Lakini mwenyeji atawajuaje wote hawa? Si kwa kuwauliza mbele ya watu. Mwanamke mwenye ujauzito wa wiki sita huenda hajamwambia hata mama yake. Jibu ni rahisi: usimmiminie mtu kabla ya kuchagua mwenyewe, na weka mezani kinywaji kingine chenye heshima ileile.

Mimi hutumia rosela, ambayo wengine huiita choya. Chukua vikombe viwili vya maua makavu, uyaoshe, uyachemshe katika lita mbili za maji kwa dakika kumi pamoja na kipande cha tangawizi na punje chache za iliki. Chuja, tia sukari kidogo, upoze vizuri. Kwa kuwa rosela nyingi haishauriwi kwa wajawazito, weka pia jagi la ukwaju au maji ya dafu. Yote yamiminwe katika glasi zinazofanana na za divai, na yakae katikati ya meza, si pembeni pamoja na soda za watoto.

Mwaka uliofuata tulikuwa na karamu nyingine, safari hii ya shukrani baada ya mume wangu kupona. Chupa zilikuwa mbili tu, zikiwa zimepozwa ndani ya ndoo ya barafu. Majagi yalikuwa manne. Ilipofika wakati wa kugonganisha glasi, kila mtu alichagua chake, na zilipoinuliwa zilikuwa nyekundu karibu zote, hata usingeweza kujua nani ana nini. Shemeji yangu alisimama katikati yao akicheka, glasi yake ya rosela mkononi. Mkewe alinitazama kutoka upande wa pili wa meza, akatikisa kichwa mara moja kunishukuru.

Akina mama, meza zetu ni sehemu ya huduma yetu. Tuziandae ili anayekunywa anywe kwa kiasi, na asiyekunywa asijisikie mgeni. Mungu azibariki karamu zenu za msimu huu wa joto.