Chaja Hubisha Hodi, Gari Ndilo Huamua

Kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ugomvi wa chaja feki unaweza kumalizwa na kifaa kidogo chenye kioo. Mteja anadai chaja aliyouziwa imeandikwa wati 65, lakini simu inajaa kwa kujikokota. Muuzaji anachomeka kile kifaa katikati ya waya na simu. Kioo kinasoma wati 10. Anaichomoa simu ya mteja na kuweka nyingine: wati 45. Chaja ni ileile, waya ni uleule. Simu ya kwanza haikuomba zaidi ya 10.

Gari la umeme lina tabia hiyohiyo. Chaja ya haraka ya kilowati 50 ina nguvu ya chaja za simu karibu 800 zikijumlishwa, na bado anayepanga kasi ni kompyuta iliyo ndani ya gari, ambayo kazi yake ni kuilinda betri. Chaja hutoa kile inachoombwa tu. Fundi mwenye uzoefu, kabla ya kumlaumu mtu, hutafuta kwanza ni katika hatua gani gari lilikataa.

Umeme wa kutosha kitaifa upo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme. Kwa mwenye gari, shida hukaa kwenye mita chache za mwisho, kati ya ukuta na betri.

Malalamiko mengi ya "fast chaji haifanyi kazi" huanzia kwenye soketi ya nyumbani. Soketi hutoa mkondo geu, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu tu, hivyo gari hulazimika kuugeuza kwa mtambo wake wa ndani, ambao ni mdogo. Waya wa kawaida wa kuchajia unaovuta ampea 10 kwenye volti 230 hupitisha kilowati 2.3. Betri ya kilowati-saa 40 iliyokauka itahitaji zaidi ya saa 17. Jioni majirani wakiwasha viyoyozi, umeme ukashuka hadi volti 190, saa hizo zinafika 21. Chaja ya haraka yenyewe huugeuza umeme nje ya gari na kuusukuma moja kwa moja kwenye betri.

Lugha tatu

Kikwazo kinachofuata ni plagi. Magari ya Japani kama Nissan Leaf huja na plagi ya CHAdeMO, ya Ulaya yana CCS2, ya China yana GB/T. Wajapani walilitunga jina la CHAdeMO mwaka 2010 kwa utani: linafanana na maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, maana gari lingejaa wakati dereva anamalizia kikombe. Kwa anayenunua gari lililotumika kutoka Japani, chai hiyo inaweza kupoa akitafuta chaja inayoingia. Adapta zipo, lakini kuingia kwenye tundu hakutoshi, kwa sababu plagi hizi pia huongea lugha tofauti.

Kabla ya umeme kupita, chaja hubisha hodi. Gari hujibu, hutaja volti na ampea linazotaka, kisha chaja hupima kama kuna umeme unaovuja kwenda kwenye bodi. Hapo ndipo swichi nzito za betri hufunga na mkondo kuanza. Chaji ikikatika ndani ya dakika ya kwanza, mara nyingi kosa liko kwenye mazungumzo hayo: pini yenye kutu kwa unyevu wa chumvi wa pwani, maji yaliyoingia kwenye plagi, au betri ndogo ya volti 12. Hii ya mwisho huwashangaza wengi. Swichi za betri kubwa huendeshwa na ile ndogo. Ikichoka, gari lenye betri kubwa nzima hukataa chaji.

Nyumbani kuna mkaidi mwingine: ethi. Waya wa kuchajia usipoiona ethi huwasha taa nyekundu na kugoma. Jenereta nyingi ndogo husababisha mgomo huohuo. Kuudanganya waya ili ukubali ni kuondoa kinga inayomzuia mtu kupigwa na shoti anaposhika mlango wa gari.

Joto na foleni

Chaji ikianza vizuri kisha ikazorota, mtuhumiwa ni mwingine. Ioni za lithiamu huingia kwenye grafaiti ya betri kama abiria wanaopanda mwendokasi kituo cha Gerezani. Basi tupu hujaa upesi. Viti vikiisha, kila anayeingia hupenya kwa shida. Wakisukumwa kwa nguvu, hurundikana mlangoni. Ioni zilizosukumwa hivyo hugeuka metali ya lithiamu juu ya grafaiti, na betri hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kuepuka hilo, magari mengi hupunguza kasi sana baada ya asilimia 80. Huo si ubovu.

Joto nalo hupunguza kasi. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya na betri huongezeka mara nne. Magari mengi mapya hupoza betri kwa maji, lakini Leaf za awali hutegemea hewa. Mwaka 2018 wamiliki wa Leaf huko Ulaya walilalamika kwamba chaji ya pili ya siku moja ilitambaa; Nissan ikabadilisha programu. Hao walikuwa kwenye nchi za baridi. Februari ya Dar es Salaam, kwenye lami inayowaka, betri hiyo huanza kuchajiwa ikiwa tayari ina homa.

Kabla ya kufungua chochote, mwenye gari aandike mambo manne: asilimia ya betri, kilowati kwenye kioo cha chaja, saa, na ujumbe wa kosa ulioonekana. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na asiyesomea kazi hiyo. Zinabeba volti zaidi ya 300. Kisha ajaribu chaja ileile alfajiri, gari likiwa limelala nje usiku kucha, betri ikiwa kwenye asilimia ileile. Kilowati 22 za saa nane mchana zikigeuka 44 saa kumi na mbili asubuhi, hana haja ya kuulizia bei ya betri mpya.