Mbao na Uhai katika Usambara Mashariki

Mwanzo 2:15 yampa mwanadamu kazi mbili bustanini: kuilima na kuitunza. Katika mahubiri yetu kazi ya kwanza mara nyingi imeimeza ya pili.

Katika miaka ya 1970 na 1980 msitu wa asili wa Usambara Mashariki ulivunwa kwa mitambo, kwa msaada wa Ufini. Ilidhaniwa kwamba ukikatwa kwa kiasi, msitu utajirudia. Haikuwa hivyo. Pale miti mikubwa ilipoangushwa, jua lilifika chini, na Maesopsis eminii, mti uliopandwa huko bila kuwa wa asili ya milima ile, ukaota upesi na kuishika nafasi. Kijani kilirudi, lakini si msitu uleule. Viumbe vingi vya huko havipatikani penginepo duniani, na vingi vyategemea kivuli cha zamani.

Uvunaji ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa. Basi, mbao zitoke wapi? Swali ni la haki, kwa kuwa makanisa yetu yenyewe yameezekwa juu ya mbao. Twaona zitoke katika mashamba ya miti, kama lile la Shume, Usambara Magharibi, na katika miti ya wakulima. Shamba la miti si msitu. Kazi yake ni kulipokea shoka ili msitu uachwe. Ila sisi wachungaji tunaoagiza mabenchi ya usharika ni mara chache tumemwuliza seremala mbao zake zimekatwa wapi.