Mafuta hayazuiliwi kwa nguvu za spana

Wakazi wa Kitale na Bungoma wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Langu lingali linatembea. Lakini kwa miezi mitatu lilivuja mafuta kwenye mfuniko wa vali, yakadondokea ekzosi na kufuka moshi. Moto ungeweza kuzuka, nami hubeba watoto wa shule humo.

Mafundi watatu wa Kitale walikuwa na dawa moja: kukaza nati. Mmoja aliongeza silikoni, akaipaka kama siagi. Kumbe bati la mfuniko likikazwa kupita kiasi hupinda. Gasketi hubanwa penye nati na kuachwa wazi kwingineko. Silikoni nayo ikizidi humeguka ndani ikaziba chujio la mafuta.

Aliyeliponya ni kijana wa jua kali mjini Bungoma. Kabla ya kushika spana alichomoa mpira wa kupumulia wa injini, akaupuliza. Haukupitisha kitu! Hewa inayopenya kando ya pistoni ilikuwa imekosa njia, ikayasukuma mafuta nje. Aliuzibua, akanyoosha mfuniko, akaweka gasketi mpya bila silikoni, akakaza kidogo kidogo kuanzia katikati.

Nilimuuliza alikojifunza shinikizo la hewa. Aliacha shule kidato cha pili, alisema. Walimu wenzangu, kwa nini kijana huyu asisimame mbele ya madarasa yetu, hata kama hana cheti? Mimi nimekwisha kumwalika. Atakuja Jumatatu, na mpira ulioziba mkononi.