Karte memuari: tuijaribu mbele ya kuitegemea

Kwa jamaa zilizokimbia vijiji vya Beni tangu 2014, karte memuari ya simu ndiyo sanduku la nyumba. Haifiki gramu moja. Inafungwa katika pindo la kikwembe, na ndani mna picha za ndoa, ubatizo, vyeti vya watoto.

Mama mmoja wa chama chetu alituletea yake. Imeandikwa giga 128, aliinunua bei ya chini kando ya barabara hapa Butembo. Picha za mwanzo zilifunguka. Zilizofuata zilikuwa kijivu tupu, pamoja na ile ya mwisho ya marehemu mume wake. Tulijaribu kwenye ordinateri mbili, bure. Karte za namna hiyo zina giga chache tu, ila zimetengenezwa zidanganye simu. Zikijaa, kinachoongezwa kinapotea, na simu hainene kitu.

Hata karte nzuri ina mwisho wake. Ndani mna vyumba vidogo sana vinavyofungia umeme, hata simu ikizimika. Vyumba hivyo huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na karte iliyolala miaka mingi inaweza kusahau.

Basi mkinunua, ijazeni kwanza kwa video, kisha fungueni ile ya mwisho. Picha za maana zikae pia kwa dada au shangazi wa mji mwingine. Mkifuta kwa makosa, msipige nyingine: mara nyingi ya zamani ingali pale mpaka mpya ikalie nafasi yake.

Mama yule sasa anazunguka kwa waliokuja kwenye ndoa yake, akiomba watazame simu zao.