Kuhakiki Mkataba Kwenye Ethereum: Bei ni Sifuri, Chaguo si Moja

Mkataba mahiri ukishawekwa kwenye Ethereum, kinachoonekana ni baitikodi tu, msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka kwa mteja wa kawaida. Kuhakiki ni kutoa msimbo chanzo hadharani, ukompailiwe upya kwa toleo lilelile la kompaila na mipangilio ileile, kisha ulinganishwe na kilichoko kwenye mnyororo. Kazi hii hufanyika nje ya mnyororo, kwa hiyo haili gesi, yaani ada ya mtandao. Huduma za kuhakiki za Etherscan, Blockscout na Sourcify zote hazitozi senti.

Etherscan ndiko wateja wanakokimbilia kutafuta tiki ya kijani, na mradi usioonekana pale hushukiwa. Lakini ni kampuni binafsi, na kumbukumbu ziko mikononi mwake. Blockscout ni programu huria. Ukitaka kuiendesha mwenyewe, utalipia seva. Sourcify nayo ni huria, na yeyote anaweza kupakua hifadhidata yake. Mimi ningeanza na Sourcify, kwa sababu ya mkia wa baitikodi.

Kwa kawaida kompaila ya Solidity huambatisha mkia wa baiti 53 mwishoni mwa baitikodi, unaoanza na a264697066735822. Humo mna heshi ya metadata. Ongeza nukta moja tu katika maelezo ya msimbo, na heshi hiyo inabadilika, japo mkataba unafanya kazi vilevile. Mkia ukioana, Sourcify inaandika kwamba ulinganifu ni kamili. Usipooana, hauhesabiwi kuwa kamili.

Wapo wanaoukata mkia huo kubana matumizi. Kila baiti ya msimbo hulipiwa gesi 200, hivyo wanaokoa kama gesi 10,600. Bei ya gesi ikiwa gwei 10, hiyo ni etha 0.000106. Kwa fedha ndogo hivyo unatupa ushahidi ambao hutaweza kuurudisha. Usifanye hivyo.

Gharama inayouma ni muda. Ukisahau kama optimaiza iliwekwa 200 au 1000, utakesha ukibahatisha. Hifadhi faili la JSON la kompaila siku ileile ya kuweka mkataba, au ziachie zana za Foundry na Hardhat zihakiki papo hapo.

Nawe unayetaka kuweka akiba yako kwenye mkataba, tiki inasema msimbo ni huohuo, haisemi ni salama. Mkataba ukiwa wa proksi, yaani unaoelekeza kazi kwa mkataba mwingine, tiki ya proksi haitoshi: fungua anwani ya mkataba ulio nyuma yake, uangalie kama nao umehakikiwa, na nani ana mamlaka ya kuubadilisha.